Kupima Moto

Mwishoni mwa mwaka 2024 binti yangu wa pili, ambaye anafanya kazi Uingereza, alikuja nyumbani kwa likizo akiwa na sanduku moja zito kuliko mengine yote. Tulidhani ni vitabu. Kumbe lilikuwa jiko la umeme la kuchomea nyama, la kuwekwa juu ya meza, lenye ukubwa wa zile redio za zamani za mbao. Lina mabamba mawili yanayofunguka na kufungwa kama kitabu, na nyama hukaa katikati. Chini ya kila bamba kuna vihisio vya joto, na mbele kuna kioo kidogo chenye tarakimu. Ukiliagiza likae kwenye nyuzi 65 za Selsiasi litakaa hapo hapo, hata kwa saa mbili. Nyama ikishaiva ndani, unaagiza nyuzi 230 kwa dakika mbili tatu ili ipate rangi na ukoko wa nje, na kazi imekwisha. Plagi yake ina miguu mitatu bapa, ile ile waliyotuachia Waingereza, kwa hiyo hatukuhitaji hata kibadilishio.

Mama watoto alilizunguka mara moja, kisha akauliza, "Moshi uko wapi?" Sikujua kama anasikitika au anafurahi, na nadhani mwenyewe hakujua. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia aache kuinamia makaa kwa sababu ya kifua chake, naye ni mchomaji nyama ambaye majirani humfuata siku za sikukuu kumwomba aje asimamie moto wao.

Nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka 30, na mazoea yana taabu: nikipewa kitu kipya sitaki kukitumia kabla sijajua kimetoka wapi. Aidha nilikuwa na sababu yangu binafsi ya kulichunguza jiko hili kwa makini kuliko lilivyostahili, nami nitaieleza mbele. Kwanza asili yake.

Wengi wakiona jiko la mabamba mawili humkumbuka George Foreman, nao hawakosei. Vijana wa leo wanamjua kwa jiko. Sisi tulimjua kwa ngumi. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974 nilikuwa mwalimu kijana, nami na wenzangu tulikesha pembeni mwa redio kusikiliza habari za Kinshasa, katika nchi ambayo wakati ule iliitwa Zaire, ambako Muhammad Ali alimwangusha Foreman katika raundi ya nane. Miaka 20 baadaye, tarehe 5 Novemba 1994, Foreman akiwa na umri wa miaka 45 alimpiga Michael Moorer kule Las Vegas na kuurudisha ubingwa wa uzito wa juu. Mwaka huo huo wa 1994 jina lake liliwekwa kwenye jiko dogo la umeme lililobuniwa na Michael Boehm, lenye mabamba yaliyoinama kidogo ili mafuta ya nyama yachuruzike na kudondokea kwenye kisahani. Mwaka 1999 kampuni ya Salton ilimlipa Foreman na washirika wake dola milioni 137.5 ili ilitumie jina lake moja kwa moja. Foreman alifariki tarehe 21 Machi 2025, na taarifa za kifo chake zilitaja ubingwa na jiko kwa pumzi moja.

Hata hivyo jiko la Foreman lile la kwanza lilikuwa jepesi wa akili. Halikuwa na namna ya kuchagua joto. Ulichomeka, likawaka, ukangoja. Kwa hiyo yeye ni ndugu wa sura tu wa hili la kwangu. Kiini cha jiko la kwangu ni lile wazo la moto unaojizuia wenyewe, na wazo hilo ni la zamani sana kuliko umeme.

Mwanzoni mwa karne ya 17 Mholanzi mmoja aitwaye Cornelis Drebbel alikuwa akiishi Uingereza, na miongoni mwa mambo yake mengi alitengeneza tanuri la kuangulia mayai ya kuku. Ndani yake aliweka chombo chenye kileo na zebaki. Joto likizidi, kileo kilitanuka na kuisukuma zebaki, nayo ikasogeza kifuniko kilichopunguza hewa ya motoni. Joto likipungua, kifuniko kilirudi na moto ukapata nguvu. Tafakari jambo hili, msomaji. Watu walikuwa bado hawana hata namba za kulitajia joto ambazo wote wangekubaliana juu yake. Kipimajoto cha zebaki cha Fahrenheit kilikuja mwaka 1714, na vipimo vya Celsius mwaka 1742. Drebbel alikuwa amelitawala joto kabla watu hawajajua kulihesabu. Nadhani mama yeyote anayeivisha wali kwa kupalia makaa juu ya sufuria angemwelewa mara moja.

Wa pili ninayempenda ni Benjamin Thompson, Mmarekani wa kuzaliwa aliyekwenda kutumikia serikali ya Bavaria na kupewa cheo cha Count Rumford. Mwishoni mwa karne ya 18 alishughulikia majiko ya kulishia maskini, na ameeleza mwenyewe kisa hiki. Alitaka kujua kama paja la mbele la kondoo laweza kuiva ndani ya mashine aliyoitengeneza kwa kukaushia viazi, yenye joto dogo mno. Baada ya saa tatu nyama ilikuwa mbichi, akakata tamaa akaiacha. Wasichana wa jikoni wakaona haina ubaya ikilala humo. Asubuhi waliikuta imeiva, laini, yenye utomvu wake wote. Rumford alikuwa bingwa wa elimu ya joto katika zama zake, naye alifundishwa na nyama iliyosahauliwa kwamba kuiva hakutegemei ukali wa moto peke yake. Kunategemea pia muda.

Wa tatu nilimsoma nikacheka peke yangu barazani. Warren Johnson alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu cha Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani. Katika majira ya baridi mtumishi wa chuo alilazimika kuingia darasa hadi darasa kutazama kipimajoto, kisha kushuka chini ya jengo kurekebisha tanuri. Mwalimu yuko katikati ya somo, mlango unafunguliwa, wanachuo wote wanageuka. Johnson alichoka, akatengeneza kifaa cha umeme kilichopiga kengele kule chini joto la darasa lilipobadilika, na mwaka 1883 akakiandikishia hataza. Miaka miwili baadaye alianzisha kampuni mjini Milwaukee. Mimi nimekuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na ninajua uchungu wa mlango unaofunguliwa katikati ya somo. Kwamba mojawapo ya mizizi ya jiko lililo mezani pangu ni hasira ya mwalimu wa chuo kama changu, hilo lilinifanya nilipende kidogo.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1923 majiko ya gesi ya Uingereza yalipata kidhibiti kilichoitwa Regulo, na mpishi akaanza kuandikiwa namba badala ya kuambiwa "moto wa wastani". Mwaka mmoja kabla yake Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa Marekani, alichapisha hesabu za kuongozea meli. Aliwatazama washika usukani, akaona kwamba mzoefu hatazami tu meli imepotoka kiasi gani sasa. Huangalia pia imepotoka kwa muda gani, na inapotoka kwa kasi gani. Vyombo vya leo vinavyoshika joto kwa usahihi kwa kawaida hutumia hesabu hiyo hiyo ndani ya kipande kidogo cha elektroniki. Na mwaka 1974, mwaka ule ule wa Kinshasa, mpishi Mfaransa Georges Pralus alianza kufunga maini ya bata bukini katika plastiki na kuyapika taratibu katika maji yenye joto la kipimo, akaona hayapungui uzito kama zamani. Jiko langu limechukua wazo hilo na kuyaondoa maji.

Sasa nieleze sababu yangu.

Mwaka 1986 nilikuwa mkuu wa chuo kwa mwaka wa pili tu, na tulikuwa na mahafali. Mgeni rasmi alituma ujumbe asubuhi kwamba ana safari nyingine, hivyo chakula kiwe mezani saa sita badala ya saa nane. Nilikwenda jikoni mwenyewe. Mpishi mkuu, mtu aliyenizidi umri kwa miaka mitano hivi, alikuwa ndiyo kwanza anapanga kuku kwenye nyavu. Alisema, "Mkuu, saa sita kuku hawa hawatakuwa tayari." Nikamwambia aongeze moto. Aliongeza. Saa sita kuku walikuwa mezani, wekundu, wenye harufu nzuri, na mgeni rasmi alisifu. Usiku ule na kesho yake wanachuo zaidi ya 40 walijaa katika zahanati wakitapika na kuharisha. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu, lakini msichana mmoja alikaribia.

Ulifanyika uchunguzi. Mpishi aliulizwa kama aliona kuku hawajaiva, akajibu, "Kuku hawakupewa muda." Wajumbe waliona jibu hilo ni la kiburi, kwani kuku walionekana wameiva, tena wengine walikuwa wameungua. Kama moto uliwaunguza, muda gani tena ulitakiwa? Iliandikwa kuwa ni uzembe. Barua ya kumwachisha kazi ilitiwa saini yangu. Sikusema uongo katika kikao kile, ila hakuna aliyeniuliza ni nani aliyeamuru moto uongezwe, nami sikujitolea kusema.

Miaka mingi nilijifariji kwamba mpishi ni mpishi, na kuku mbichi ni kuku mbichi. Faraja hiyo ilianza kutikisika siku nyingine kabisa, niliposoma habari za Marekani ya mwaka 1993, ambako nyama ya kusaga ya mikahawani, iliyoonekana imeiva kwa nje, iliwaambukiza bakteria watu zaidi ya 700, na watoto wanne wakafa. Wataalamu wao leo wanafundisha nyuzi 71 kwa nyama ya kusaga na 74 kwa kuku, zikipimwa ndani kabisa ya nyama. Na wanaongeza jambo ambalo sikulijua: namba 74 ni ile inayoua salmonela papo hapo, lakini nyuzi 60 nazo huiua, mradi nyama ikae hapo karibu nusu saa. Joto na muda hulipiana deni. Rumford aliliona hilo katika paja la kondoo. Mpishi wangu alilisema kwa maneno matatu, na sisi wasomi sita tuliokuwa mezani hatukumwelewa.

Basi jiko lilipofika, pamoja na kipimajoto chake chenye sindano ndefu, nilifanya jaribio. Jumamosi moja niliwasha makaa mengi, nikayapepea yawe kama ya siku ile, nikaweka mapaja ya kuku. Baada ya robo saa ngozi ilikuwa imeungua nami nilikuwa nimelowa jasho. Nikachoma sindano karibu na mfupa. Ilisoma 49. Mama watoto akanipokonya koleo, akayasambaza makaa, akainua wavu, akakaa kitini. Baada ya dakika 50 ya kwake yalisoma 78. Yeye hakuhitaji sindano. Aliyabonyeza kwa kidole na kutazama maji yatokayo kwenye kiungo. Ya jiko la umeme yalikaa saa nzima kwenye nyuzi 65, kisha yakapata dakika tatu za moto mkali.

Yalikuwaje? Nitasema haki. Nyama ya jiko la umeme ilikuwa laini kupita zote na haikupoteza maji yake. Lakini haikuwa na harufu ya makaa, na mjukuu wangu alisema inafanana na kuku wa hospitali. Ile harufu tunayoipenda hutoka kwa mafuta yanayodondokea makaa na kurudi juu kama moshi, na mabamba hayana makaa. Rangi ya kahawia ilikuwepo, kwani hiyo hutokana na joto la juu tu, lile badiliko ambalo Mfaransa Maillard alilieleza mwaka 1912. Tena mapaja yenye mifupa hayakulaliwa vizuri na bamba la juu. Jiko hili linapenda vipande bapa visivyo na mfupa, yaani nyama ya watu wa maduka makubwa. Na linatosha vipande vinne. Nyumba yangu ikijaa tuko 11.

Umeme nao una neno lake. Juma lililofuata ulikatika nyama ikiwa kwenye dakika ya 20. Hili si la kuchekwa, kwa kuwa kati ya nyuzi 4 na 60 bakteria huzaana upesi, na nyama vuguvugu iliyoachwa imengoja umeme ni ya hatari kuliko ile iliyobaki kwenye barafu. Tuliihamishia kwenye makaa. Kwa upande wa gharama sina malalamiko: likitumia wati 1,800 mfululizo kwa dakika 20 ni uniti 0.6 tu, na kwa sehemu kubwa ya muda halitumii kiasi hicho, kwani likishafika kwenye joto lake huzima na kuwaka lenyewe.

Hata hivyo lipo la kuliweka upande wa pili wa mizani, nalo ni zito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Serikali yetu ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Zamani nilisoma takwimu za namna hii kama mwalimu asomavyo takwimu. Sasa nasikia kikohozi chumba cha pili. Tangu Februari mke wangu hutumia jiko la umeme siku za kawaida, na makaa siku za sikukuu tu, tena uani, huku watoto wakipepea na yeye akiamuru kutoka mbali. Kikohozi cha usiku kimepungua. Hilo peke yake limelilipa jiko bei yake, hata kama halingejua kuchoma.

Kwa mchomaji hodari jiko hili halina somo la kumpa. Manufaa yake ni kwa mtu kama mimi, mwenye haraka na amri, ambaye hajui nyama inataka nini. Huwezi kulikemea. Ukitaka nyuzi 65 kwa saa moja, litakupa saa moja, awepo mgeni rasmi asiwepo.

Mwezi Aprili nilikwenda kumtafuta mpishi. Anaishi kwa mwanawe, saa nne kwa basi kutoka kwangu. Zamani, kwa sababu ya cheo, yeye ndiye aliyeniamkia. Safari hii nilimwambia, "Shikamoo, kaka," akaitika, "Marahaba, Mwalimu," bila kuonyesha kushangaa. Nilikuwa nimebeba kile kipimajoto. Nilimweleza habari za nyuzi 74, na nusu saa kwa nyuzi 60, na Mmarekani aliyeisahau nyama kwenye mashine ya viazi. Alisikiliza kwa adabu. Aliishika sindano, akaipindua, akaigusa ncha yake, akanirudishia.

Kisha nikamwambia lile nililolifuata: kwamba amri ya moto ilikuwa yangu, na kwamba nilinyamaza.

Alikaa kimya muda mrefu. Mwanawe alikuwa mlangoni na niliona hakuwahi kulisikia jambo hili. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, au kwa msamaha, ambao kusema kweli ningeuona mgumu zaidi. Mzee akauliza, "Na kile kiinua mgongo changu, Mwalimu? Miaka 17?"

Sikuwa nimefikiria kiinua mgongo. Aliyeachishwa kwa uzembe hakupewa kitu, na mtu huyu aliuza mkaa kando ya barabara hadi miguu yake ilipokataa. Nilimwambia nitaandika maelezo yangu kwa saini yangu, kama shahidi, kwamba mashtaka hayakuwa ya haki. Nimekwisha kuandika barua mbili katika ofisi inayohusika, moja Mei na moja Agosti, na nakala za barua ya 1986 nimeziambatisha. Ya kwanza ilijibiwa kwamba jalada linatafutwa. Ya pili bado.